Lincoln wa Illinois, Smalls wa South Carolina au Pinchback wa Louisiana: uanze na maisha ya nani?

Tukitaka kuisoma Marekani ya karne ya 19, wengi wetu tunakimbilia Washington: marais, majenerali, hotuba kubwa za Kongresi. Mimi nakushauri uingie kwa mlango mwingine, bunge la jimbo. Serikali ya Washington ilikuwa mbali na mtu wa kawaida wa wakati huo. Nani apige kura, mtoto asome shule gani, reli ipite wapi, shahidi gani asikilizwe mahakamani, abiria mweusi akae wapi kwenye meli: mambo hayo yaliamuliwa zaidi kwenye mji mkuu wa jimbo. Hata maseneta wa kwenda Washington walichaguliwa na wabunge wa majimbo, wala si wananchi, hadi katiba ya nchi ilipobadilishwa mwaka 1913. Jimbo lilikuwa na katiba yake, mahakama zake, kodi zake na jeshi lake la mgambo.

Njia rahisi ya kuielewa dunia hiyo ni kumfuata mtu mmoja aliyeishi ndani yake. Ugumu uko kwenye kuchagua, maana wanasiasa wa majimbo walikuwa maelfu na wengi wao wanachosha kuwasoma. Nimewaweka mezani watatu ambao naamini kila mmoja anaweza kukuingiza vizuri: Abraham Lincoln wa miaka ya ubunge wa Illinois, kabla hajawa rais na kuwekwa kwenye noti, Robert Smalls wa South Carolina, na Pinckney Benton Stewart Pinchback wa Louisiana, ambaye magazeti yalizoea kumwita P.B.S. Pinchback.

## Nimewapima kwa nini

Nimeangalia mambo matano, yaleyale kwa wote. Mtu alianzia wapi, na safari yake ya kufika bungeni inakufundisha nini kuhusu nchi ile. Alifanya nini hasa akiwa ndani ya bunge la jimbo. Ana doa gani, kwa sababu mwanasiasa aliyesafishwa mno hakufundishi siasa. Mambo yake yaliishia wapi. Na mwisho, jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau hadi wamekwama katikati: kumbukumbu zake zinapatikana kwa urahisi kiasi gani, na unahitaji kujua mangapi kabla hujamwelewa.

Ushujaa sikuuweka kwenye vigezo. Kwa ushujaa Smalls angewaacha wenzake mbali, na ulinganisho ungekwisha hapo bila kukusaidia.

## Walikoanzia

Lincoln alizaliwa Kentucky mwaka 1809, akakulia Indiana, akafika Illinois mwaka 1830 akiwa kijana wa shoka na jembe. Akahamia kijiji cha New Salem. Duka aliloshirikiana na mwenzake lilikufa na kumwachia madeni. Akawa mkuu wa posta, kisha mpimaji wa ardhi. Mwaka 1832 aligombea ubunge wa jimbo na kushindwa, akawa wa nane kati ya wagombea 13. Lakini tazama matokeo ya New Salem peke yake: katika kura 300, alipata 277. Na kura yenyewe haikuwa ya siri. Illinois ya miaka ile mpiga kura alisimama mbele ya makarani na kutaja kwa sauti jina la anayemtaka, majirani na waliomkopesha wakisikia. Waliomjua walimtaka, ila nje ya kijiji hakujulikana. Mwaka 1834 alipita. Akakopa dola 200 kwa jirani, akashonesha suti, akaenda Vandalia, mji mkuu wa jimbo wakati huo, akiwa na miaka 25.

Hapo tayari umeshajifunza kitu. Kijana maskini asiye na shule angeweza kufika bungeni Illinois, ilimradi awe mwanamume na awe mzungu. Mtu mweusi aliyeishi humohumo Illinois hakuruhusiwa kupiga kura wala kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu.

Smalls alizaliwa mtumwa mjini Beaufort, South Carolina, mwaka 1839, uani kwa bwana wake, ambako mama yake Lydia alitumikia. Akiwa na miaka 12 alipelekwa Charleston kukodishwa kazi: mhudumu wa mezani, mwasha taa za barabarani, mchukuzi wa bandarini, hatimaye mshika usukani wa meli. Mshahara wake ulikwenda kwa bwana, yeye akiachiwa dola moja kwa wiki. Alipooa, alikubaliana na mwenye mali kuwanunua mkewe na binti yake kwa dola 800. Alikuwa na dola 100 tu alipoona kwamba kwa mwendo ule hatamaliza.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa na yale ya Kaskazini vikiendelea, maofisa wazungu wa meli ya mvuke iitwayo Planter walikwenda kulala mjini. Smalls na mabaharia wenzake, watumwa wote, wakawasha moto wa meli, wakapitia gati jingine kuwachukua wake na watoto, wakaelekea baharini. Walilazimika kupita mbele ya mizinga ya ngome ya Fort Sumter. Smalls alivaa kofia ya ukindu ya nahodha, akasimama alivyozoea kusimama nahodha, akapiga honi kwa alama aliyoijua. Ngome ikaitikia. Walipokuwa nje ya masafa ya mizinga walishusha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe, wakaikabidhi meli pamoja na mizinga iliyokuwa ndani kwa manowari ya Kaskazini. Alikuwa na miaka 23. Miaka sita baadaye alikuwa mbunge wa jimbo lililokuwa limemhesabu kuwa mali.

Pinchback yuko katikati ya hao wawili, na hapo ndipo penye mvuto wake. Alizaliwa Georgia mwaka 1837. Baba yake alikuwa mzungu mwenye shamba. Mama yake, Eliza Stewart, alikuwa mtumwa aliyekwisha kuachwa huru, hivyo mtoto alizaliwa huru. Alisoma kidogo Cincinnati, Ohio. Baba alipofariki mwaka 1848, mama aliwakimbiza watoto Ohio kwa hofu kwamba ndugu wa marehemu wangewarudisha utumwani, na urithi ukapotea. Kijana akaanza kazi akiwa na miaka 12 kwenye mashua za mfereji, kisha kwenye meli za mtoni Mississippi, na huko mtoni akajua kamari vizuri. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba dada yake alimwandikia mwaka 1863 akimsihi aishi kama mzungu na kuachana na mambo ya watu weusi. Hakumsikiliza. Wakati huo alikuwa New Orleans, ambako alikuwa amekusanya kikosi cha askari weusi na kukiongoza kama kapteni, kabla ya kujiuzulu kwa kuchoshwa na ubaguzi wa maofisa wenzake wazungu.

## Kazi yao bungeni

Lincoln alikaa bungeni Illinois vipindi vinne, 1834 hadi 1842, akiwa mwanachama wa chama cha Whig. Hapa utaona siasa ya jimbo ilivyo kila siku: barabara, mifereji, benki, mji upi uwe makao makuu. Yeye na wenzake wanane kutoka wilaya ya Sangamon, wote warefu kwa umbo, walipigania mji mkuu uhamishwe kutoka Vandalia kwenda Springfield, na mwaka 1837 wakafanikiwa. Kikao hichohicho kilipitisha mpango wa reli na mifereji wa zaidi ya dola milioni 10, kwa jimbo ambalo bado lilikuwa pori kwa sehemu kubwa. Lincoln aliuunga mkono kwa moyo wote. Mwaka huohuo uchumi wa nchi ukaanguka. Reli nyingi zilibaki mistari kwenye ramani, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 jimbo lilishindwa kulipa hata riba ya madeni yake.

Jambo moja la mwaka 1837 linastahili kusomwa polepole. Bunge lilipitisha azimio la kulaani vyama vya kupinga utumwa. Kwenye Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 77 kwa 6, na Lincoln alikuwa mmoja wa wale sita. Wiki kadhaa baadaye, tarehe 3 Machi, yeye na mwenzake Dan Stone waliweka pingamizi lao kwenye kumbukumbu za bunge: kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Hawakuishia hapo, waliongeza kwamba kueneza mafundisho ya kuukomesha huzidisha ubaya wake kuliko kuupunguza. Sentensi hizo mbili zinakuonyesha mbunge kijana anayepima hatua: kasema lililo moyoni, na hakufunga mlango wa kuchaguliwa tena.

Smalls aliingia kwa mlango uliofunguliwa na vita. Sheria za Kongresi za mwaka 1867 ziliwapa wanaume weusi wa Kusini haki ya kupiga kura na kuandika katiba mpya za majimbo yao. Mkutano wa katiba wa South Carolina ulikaa Charleston mwanzoni mwa mwaka 1868 ukiwa na wajumbe 124, zaidi ya nusu yao weusi, wengi wakiwa watumwa miaka michache tu nyuma. Smalls, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, alisimamia hoja ya shule za umma za bure ambazo watoto walazimike kuhudhuria. Katiba ile iliweka shule za umma wazi kwa watoto wa rangi zote. Mimi huwa napata taabu kulipita jambo hili haraka. Katika jimbo ambalo kumfundisha mtumwa kuandika kulikuwa kosa la jinai, mtu aliyekuwa mtumwa humohumo alisimama kudai shule kwa kila mtoto, wakiwemo watoto wa wazungu maskini, ambao nao jimbo halijawahi kuwajengea mfumo wa shule.

Baada ya hapo alichaguliwa Baraza la Wawakilishi la jimbo mwaka 1868, na Seneti ya jimbo kuanzia 1870 hadi 1874, kabla ya kwenda Kongresi. Bunge la miaka ile ndilo lililoanzisha tume ya kununua mashamba na kuyauza kwa mkopo kwa watu walioachwa huru, jambo ambalo hakuna jimbo jingine la Kusini lililolifanya. Hata alipokuwa mbunge wa Washington, Beaufort haikumwacha. Mwaka 1876 vibarua wa mashamba ya mpunga kando ya mto Combahee waligoma kwa sababu walilipwa vipande vya karatasi vilivyokubaliwa kwenye duka la tajiri peke yake. Wazungu wenye silaha walipokusanyika, Smalls ndiye aliyekwenda kusimama katikati na kuzungumza na pande zote.

Kwa Pinchback, kaa chini vizuri, kwa sababu Louisiana ilikuwa na vurugu kuliko jimbo lolote. Naye alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba, 1867 hadi 1868, na alipigania kifungu kilichokataza ubaguzi kwenye vyombo vya usafiri na mahali penye leseni ya biashara. Kwa anayejua alivyosafiri mtoni, unaelewa kwa nini alikishikilia hicho. Mwaka 1868 aliingia Seneti ya jimbo. Oscar Dunn, naibu gavana mweusi, alipofariki Novemba 1871, Seneti ilimchagua Pinchback kuwa rais wake na kwa hiyo akawa naibu gavana.

Gavana alikuwa Henry Clay Warmoth, mwenzake wa chama cha Republican, ambacho wakati huo ndicho kilichoungwa mkono na weusi wa Kusini, lakini waligeuka kuwa mahasimu. Septemba 1872 wote wawili walikuwa New York. Katiba ya jimbo ilisema gavana akiwa nje, naibu ana mamlaka yake, na mezani Louisiana kulikuwa na miswada ya uchaguzi na fedha ambayo Warmoth hakutaka iwe sheria. Pinchback akapanda treni kimyakimya ili awahi kufika na kuisaini. Warmoth akashtuka na kumfuata kwa treni ya nyuma, akituma simu za maandishi vituo vya mbele. Usiku, kwenye kituo cha Canton, Mississippi, Pinchback aliambiwa kuna ujumbe wake ofisini. Akaingia kuuchukua, mlango ukafungwa nyuma yake, treni ikaondoka. Warmoth alipofika asubuhi, wawili hao wakaendelea na safari ya New Orleans kwenye treni moja. Miswada haikusainiwa.

Miezi mitatu baadaye Warmoth alifunguliwa mashtaka na wabunge na kusimamishwa kazi. Tarehe 9 Desemba 1872 Pinchback akaapishwa kukaimu ugavana, mtu mweusi wa kwanza kushika kiti hicho katika jimbo lolote la Marekani. Alikaa hadi 13 Januari 1873, wiki tano tu, huku pande mbili zikidai kushinda uchaguzi na kila moja ikijiandaa na bunge lake. Mweusi mwingine kushika ugavana wa jimbo alikuwa Douglas Wilder wa Virginia, mwaka 1990.

## Madoa

Doa la Lincoln wa Illinois si rushwa. Ni lile deni la jimbo, na ni mipaka ya alichokiona. Mwaka 1836 aliandika gazetini kwamba wazungu wote wanaolipa kodi au kubeba silaha wapewe kura, na akasema wanawake wasiachwe nje. Ni maneno ya mbele sana kuhusu wanawake, na humo humo neno “wazungu” limekaa bila kumsumbua. Kuna pia vituko vya ujana. Desemba 1840 alijaribu kuvunja akidi ili kuinusuru benki ya jimbo, akatoka kwa kuruka dirishani, lakini alikuwa ameshahesabiwa kuwa yumo. Mwaka 1842 alimdhihaki gazetini mkaguzi wa hesabu wa jimbo, James Shields, hadi akaitwa kwenye pambano la mapanga. Marafiki waliwaamua mtoni Mississippi kabla damu haijamwagika.

Smalls alihukumiwa. Mwaka 1877, baada ya Wademocrat, wakati huo chama cha wazungu wengi wa Kusini, kurudi madarakani South Carolina, alishtakiwa kwamba alipokuwa seneta wa jimbo alipokea hongo ya dola 5,000 katika zabuni ya uchapishaji. Akapewa kifungo cha miaka mitatu. Shahidi mkuu alikuwa mwenye zabuni mwenyewe, aliyekuwa na kesi zake za kujiokoa. Mwaka 1879 gavana alimsamehe, kwa mapatano yaliyofuta kesi za Wademocrat walioshtakiwa kwa makosa ya uchaguzi. Mimi nikiisoma kesi hiyo naona kisasi cha kisiasa kikubwa kuliko ushahidi, lakini hukumu ipo na msomaji mwaminifu lazima aishughulikie.

Pinchback hakuhitaji kushtakiwa ili doa lionekane. Alikubali waziwazi kwamba, kwa kuwa alikuwa bungeni na alijua hatua zitakazochukuliwa, aliwekeza fedha zake kufuata alichokijua. Akiwa kamishna wa bustani za New Orleans alifaidika na ununuzi wa ardhi ya bustani ya jiji, na mshirika wake, naye mwanasiasa mweusi, akalalamika hadharani. Jambo linaloniuma zaidi ni la mwaka 1879. Mtu aliyepigania kifungu cha kukataza ubaguzi mwaka 1868 alikubali katiba mpya ya wapinzani wake, na kilichopatikana ni Southern University, chuo cha watu weusi kilichopewa hati mwaka 1880. Wapo waliomwona msaliti aliyekubali ubaguzi. Wapo waliosema, mlango mkubwa ulikuwa umeshafungwa, na chuo hicho mpaka leo kinatoa wahitimu. Sidhani kama swali hilo lina jibu moja.

## Walikoishia

Ya Lincoln yanajulikana. Ila kumbuka kwamba mwaka 1858 alipochuana na Stephen Douglas kugombea useneta wa Washington, wananchi hawakuwa wakiwapigia wao kura. Walipigia wabunge wa jimbo, na wabunge wakamrudisha Douglas Seneti.

Pinchback alichaguliwa na bunge lake kwenda Seneti ya Washington mwaka 1873, akasubiri miaka mitatu mlangoni. Machi 1876 Seneti ilimkataa kwa kura 32 kwa 29, ikamlipa fidia ya mshahara zaidi ya dola 16,000, kana kwamba kiti kina bei. Alifia Washington mwaka 1921.

Smalls alirudi mahali alipoanzia. Wakati wa vita, nyumba ya bwana wake wa zamani ilinadiwa kwa kodi isiyolipwa, naye akainunua, akaishi humo na mama yake aliyewahi kuitumikia. Mwaka 1895 jimbo liliitisha mkutano wa kuandika katiba nyingine, safari hii kwa kusudi la kuwanyang’anya weusi kura. Wajumbe weusi walikuwa sita katika 160. Smalls alisimama na kusema watu wake hawahitaji utetezi wa pekee, historia yao imethibitisha kwamba wako sawa na watu wowote popote, wanachotaka ni nafasi sawa. Wajumbe walipojadili kupiga marufuku ndoa za rangi mbili, alileta marekebisho: mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mtu mweusi asishike cheo cha umma, na mtoto wao apewe jina la baba na urithi wake. Ukumbi mzima ulijua nani anaguswa. Marekebisho yakaangushwa, katiba ikapita, na Smalls akakataa kuisaini. Alifariki Beaufort mwaka 1915. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani liliipa manowari jina lake.

## Kumbukumbu na ugumu wa kusoma

Lincoln ni rahisi kuliko wote. Barua na hotuba zake zimekusanywa na kuwekwa bure mtandaoni, bunge la zamani la Vandalia limesimama hadi leo, na New Salem imejengwa upya kama makumbusho. Hatari yake ni wingi: utatafuta mbunge wa Illinois, na kila mwandishi atakuvuta kwenye ikulu. Jiwekee mpaka, ukifika 1842 funga kitabu.

Kwa Smalls, kumbukumbu za mkutano wa katiba wa 1868 zilichapishwa, pamoja na mabishano ya wajumbe, na hotuba zake za Kongresi zipo. Beaufort sasa kuna hifadhi ya taifa ya historia ya kipindi cha baada ya vita. Simulizi ya meli inasomeka hata na mtoto wa darasa la sita. Sehemu ya bungeni inataka uvumilivu kidogo, kwa kuwa waandishi wengi hukimbilia bahari na kuruka miaka ya sheria.

Pinchback anataka msomaji aliyeiva. Bila kujua makundi ya Warepublican wa Louisiana na uchaguzi wa 1872 utapotea kwenye majina. Nyaraka zake zimehifadhiwa Howard University. Mshairi na mwandishi Jean Toomer alikuwa mjukuu wake, na hilo limesaidia jina la familia lisisahaulike.

## Umfuate nani

Kama unaanza kabisa na hujui bunge la jimbo lilifanya nini siku hadi siku, mfuate Lincoln. Anamfaa pia kijana anayewaza kuingia siasa za mahali pake, maana utamwona akishindwa uchaguzi, akikopa nauli, akipitisha mradi uliofilisi jimbo, na akijifunza.

Kama wewe ni mwalimu au mzazi unayetafuta maisha ya kusimulia kwa sauti, chukua Smalls. Wanafunzi watakuja kwa ajili ya meli, na utapata nafasi ya kuwapeleka hadi kwenye hoja ya shule. Anamfaa vilevile anayetaka kuelewa haki inavyopatikana kwa katiba ya 1868 na inavyochukuliwa kwa katiba ya 1895, jimbo lilelile, mtu yuleyule akiwa ukumbini mara zote mbili.

Kama unapenda siasa zenyewe, mbinu, mapatano machungu, vyama vinavyogawanyika ndani kwa ndani, nenda kwa Pinchback. Msomaji wa sheria atafaidi zaidi hapa: nani ni gavana halali wakati kuna washindi wawili, naibu ana mamlaka kuanzia dakika gani. Wenye mdahalo wa chuo wanaweza kuuchukua uamuzi wake wa 1879 na kubishana jioni nzima.

Wenye muda wa wawili, msianze na Smalls na Pinchback mfululizo, vurugu za miaka ya 1870 zitawachanganya. Someni Lincoln hadi 1842, kisha mmoja kati ya hao wawili. Na kama una wiki moja tu na huna mahali pa kuanzia, tafuta mijadala ya Charleston ya mwaka 1868 kuhusu shule, uisome kabla ya kusoma wasifu wowote.